Mjadala juu ya Kiungo cha Karavani

Aghalabu mtu apatapo gari la kuvuta na kitu cha kuvutwa, fikira zake zote huelekea kwenye nguvu za injini, upana wa tairi na uzuri wa rangi, ilhali kile kinachovishika viwili hivyo pamoja, kipande cha chuma kisichozidi ukubwa wa ngumi, huachiwa fundi yeyote aliye karibu akichomelee kabla ya magharibi. Dhana iliyoenea ni kwamba kiungo ni suala la unene wa chuma: kinene hushika, chembamba hukatika, na maneno yakaishia hapo. Mimi nadai kinyume, kwamba kiungo hakichaguliwi peke yake hata kidogo, bali huchaguliwa pamoja na breki ya trela, upangaji wa mzigo na njia itakayopitwa, na kwamba anayeazima nusu ya mpango wa watu wengine akaacha nusu ya pili huwa hajaazima kitu ila hatari. Walakini dai la mtu mmoja ni sahali kulisema na sahali kulipuuza, kwa hiyo nimeona heri niketishe baraza, kila mwenye rai aitoe, nami nisimame kando nikiingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

Kisumu ni mji usio na udhuru wa kutojua habari za viungo. Reli ilipofika ziwani Desemba 1901, mahali hapa pakaitwa Port Florence, jambo moja lilikwisha kuamuliwa kwa niaba ya wote: behewa lililopakiwa Mombasa lilishikana na lolote litakalokutana nalo njiani bila mtu kuuliza kipimo. Na katika miaka ya 1960, meli ya MV Uhuru ilianza kupakia mabehewa hayo hayo juu ya sitaha yake na kuyavusha maji, kana kwamba ziwa ni kituo kingine tu cha reli. Barabara haikuruzukiwa nidhamu hiyo. Mwenye trekta ya miwa pande za Chemelil na Muhoroni ana pini yake. Mwenye pikapu inayovuta mahema, viti na jenereta kwenda matangani ana tufe lake la chuma, wala hajui ni la kipimo gani. Na mwenye mashua ya kuivuta hadi Dunga ana kamba na dua.

Karavani, yaani nyumba ya kulala iliyowekwa juu ya magurudumu, ni nadra katika nchi yetu, na wengi wameiona tu ikipita nyuma ya magari ya wasafiri watokao Afrika ya Kusini kwenda kaskazini. Ndiyo maana inafaa kwa mjadala, kwa sababu ni nzito kama trela ya kazi, ndefu kama chumba, nyepesi mbavuni kiasi cha kusukumwa na upepo, na hutakiwa kwenda mwendo wa gari dogo. Watu wanne niliowaketisha chini ya mwarobaini mmoja, hatua chache kutoka mabanda ya jua kali ya Kibuye, ni wa kubuni. Wa kwanza ni Mama, mkunga mstaafu aliyenunua karavani iliyotumika, ya Kiingereza, yenye ekseli moja, apate kuivuta kwa pikapu yake ya milango minne. Wa pili ni Fundi, kijana mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Wa tatu ni Mwalimu wa fizikia, naye amesoma vitabu vya Wamarekani juu ya jambo hili. Wa nne ni Dereva mzee aliyeendesha trekta za miwa katika uwanda wa Kano, ambaye wote humwita Jaduong'.

MAMA: Nawashukuru kwa kuitika, na chai inakuja. Karavani ndiyo hiyo mnayoiona. Ikijazwa vyombo, magodoro, maji na mtungi wa gesi, hufika kilo 1,300. Safari yangu ni hii: kutoka hapa nishike barabara ya Bondo, kisha nishuke hadi Luanda Kotieno, nivuke kwa feri hadi Mbita, nivuke daraja nikalale Rusinga siku nitakazo, kisha nirudi kwa Homa Bay na Kendu Bay, nikitokea Ahero. Na mara moja kwa mwaka nipande Kericho kwenda kuwaona wajukuu Nakuru. Niambieni nifunge nini nyuma ya pikapu, wala msinifiche gharama.

FUNDI: Mama, hii ni kazi ya saa chache tu. Hicho kichwa cha mbele ya karavani tutakikata, maana kina springi na mipira na vikorokoro ambavyo vikiharibika hakuna wa kuvijua. Mahali pake tutachomelea pete ya chuma kinene, na nyuma ya pikapu tutaweka midomo miwili na pini ya kupita katikati, kama ya trekta za miwa. Pini ikiliwa ukiwa Mbita, mhunzi yeyote atakupa nyingine. Tufe likiharibika utangoja basi la Nairobi lilete. Simama Awasi msimu wa miwa utazame yale matrela yanavyopita na tani zake. Umepata kuona moja lililovuka tuta likaacha pini?

DEREVA: Mimi nimeona, omera, na sikuona mara moja. Pini ni njema kwa kazi yake, na sitaikana, maana imenilisha. Lakini wewe unasema pini kama mtu anayeitazama ikipita. Mimi nimekaa mbele yake. Lile tundu huanza likiwa limeikaza pini, na baada ya msimu mmoja huwa linacheza, kila ukibadili gia trela inagonga mgongoni, kila ukipunguza mwendo inagonga tena. Trekta haijali, ni chuma kitupu, nayo haikimbii. Gonga hivyo chesisi ya pikapu kutoka hapa hadi Nakuru, utaona kama haijafunguka mshono. Na kile kipini kidogo cha chini kinachozuia pini kubwa isiruke, kikipotea vijana hufunga waya wa senyenge, safari ikaendelea. Kwa mwendo wa trekta, waya ukikatika trela hulala shambani na miwa ikamwagika. Kwa mwendo wa pikapu, Mama, hailali shambani, inakwenda kwa watu.

Nakatiza hapa kwa sababu mzee huyu ameacha, kwa unyenyekevu, hoja iliyo bora katika tajriba yake. Wenye trekta walijifunza kwa damu kwamba si kiungo tu kinachopasa kuwa imara, bali na mahali pake: mzigo ufungwapo juu zaidi ya ekseli ya nyuma, trekta ikikaza kuvuta huinuka kichwa, na katika muda usiotosha kukanyaga klachi huweza kupinduka nyuma na kumlalia dereva. Ndiyo sababu mtalimbo wa kuvutia huwekwa chini, na ndiyo sababu mfumo wa mikono mitatu aliouvumbua Harry Ferguson wa Ireland katika miaka ya 1920, ambao leo umo katika takriban kila trekta ya shamba duniani, ulihesabiwa kuwa ufundi mkubwa: ulizigeuza nguvu za jembe zikasaidia kuikandamiza trekta chini badala ya kuiinua. Pikapu haipinduki hivyo, lakini kanuni ni ile ile, kwamba pale kiungo kilipo huamua uzito utaangukia magurudumu gani.

MAMA: Fundi amesema atakata kichwa kwa kuwa kina springi na mipira. Mimi nikiona kiungo ndani ya mwili nisichokijua kazi yake, sikati. Hicho ni nini?

MWALIMU: Umeuliza swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza, Mama. Hicho ndicho breki ya karavani yako. Pikapu inapopunguza mwendo, karavani kwa uzito wake huisukuma kwa mbele. Msukumo huo huingiza ndani ule mti wa chuma ulio nyuma ya kichwa, nao mti huvuta kebo, na kebo hukaza breki za magurudumu ya karavani. Hakuna umeme, hakuna mafuta, ni msukumo tu. Ndiyo desturi ya Ulaya. Ukikata kichwa ukachomelea pete, umeondoa breki yote, na kilo 1,300 zitasimamishwa na breki za pikapu peke yake, ilhali katika nchi za Ulaya trela isiyo na breki zake yenyewe hairuhusiwi kupita kilo 750.

FUNDI: Hapo umenishika, Mwalimu. Mimi nilidhani ni springi ya kuzuia mtikisiko. Basi hatukati.

MWALIMU: Wala tusibaki na tufe tupu. Sikilizeni hesabu. Kutoka ekseli ya mbele ya pikapu hadi ya nyuma ni mita 3, na kutoka ekseli ya nyuma hadi kwenye tufe ni mita 1.2. Wamarekani, ambao wamevuta karavani nyingi kuliko taifa lolote, hutaka pua ya karavani ikae juu ya tufe na uzito wa asilimia 10 hadi 15 ya karavani nzima, kwa sababu pua nyepesi ndiyo mama wa kuyumba. Tuchukue asilimia 15, ni kilo 195. Uzito huo ukining'inia mita 1.2 nyuma ya ekseli, hunyanyua mbele ya pikapu: magurudumu ya mbele hupoteza kilo 78, na ya nyuma huongezewa 273. Sasa panda Kericho ukiwa hivyo, na mvua ya alasiri imeshuka, usukani mwepesi, taa zinamulika vilele vya miti. Dawa yake ni fito za springi: vyuma viwili virefu vinavyoingia chini ya kiungo, ncha zake zikavutwa juu kwa minyororo na kufungwa kwenye fremu ya karavani. Ni kama mtu kushika mikono ya mkokoteni na kuiinua: uzito huondoka nyuma na kurudi mbele, na sehemu nyingine huenda kwenye magurudumu ya karavani yenyewe. Pikapu inakaa sawa kama haikufungwa kitu.

Kwa insafu ni lazima nikiri kwamba hesabu hii haina dosari, na msomaji anaweza kuifanya mwenyewe kwa kijiti mchangani. Wengi wanaojibu hoja ya fito husema, "Nitaongeza springi za nyuma ziwe ngumu," wasijue kwamba springi ngumu huinua matako ya gari tu. Zile kilo 78 zilizohama magurudumu ya mbele hazirudi. Mwalimu alikuwa na haki ya kutazama pande zote kwa ushindi. Ila Fundi, aliyekwisha kushindwa mara moja, alikuwa amepiga magoti mbele ya karavani akisugua kitu kwa kipande cha msasa.

FUNDI: Mwalimu, kuna bati hapa. Limeandikwa kilo 100.

MWALIMU: Kilo 100 za nini?

FUNDI: Za pua. Ndio mwisho wa kubeba wa hiki kichwa. Wewe unataka kuweka 195. Na tazama mikono hii ya fremu, ilivyo myembamba, imetobolewa matundu ipungue uzito. Hizo fito zako zitavuta kwa juu hapa, kwenye chuma kisichotengenezwa kwa kuvutwa juu. Itapinda. Na jambo jingine: huu mti wa breki unatakiwa uingie na kutoka kwa uhuru. Ukiufunga kwa minyororo na springi, utaingiaje? Utakuwa umenizuia nisikate breki, kisha umeifunga kamba wewe.

Huu ndio mzizi wa shauri zima, na umetoka kwa mtu ambaye hakusoma kitabu chochote cha Wamarekani. Marekani karavani ni nzito, fremu zake ni nene, pua yake ni nzito kwa makusudi, na breki zake aghalabu ni za umeme, zinazoamriwa na kisanduku karibu na usukani. Kwa hiyo kiungo kinaweza kukazwa kwa fito bila kuzuia kitu. Ulaya karavani ni nyepesi, pua hupewa asilimia 5 hadi 7 tu ya uzito wote, breki hutegemea msukumo, na uthabiti wa njiani hutafutwa kwa kuweka vitu vizito chini na karibu na ekseli. Njia zote mbili zina akili zake, na zote mbili zimefikisha watu salama. Kisicho na akili ni kuchukua karavani ya mpango mmoja ukaifunga kwa mpango wa pili.

DEREVA: Na mimi nina la feri. Mmekwisha kushuka Luanda Kotieno? Gari hushuka kuelekea majini, kisha mbele yake hupanda mlango wa feri. Kwa kitambo, pikapu imeinua pua na karavani bado imeinamisha ya kwake, na mkunjo wote uko kwenye kiungo. Zile fito za Mwalimu hapo zitakuwaje?

MWALIMU: Zitavutwa kupita kiasi. Wenyewe wanaozitengeneza huagiza zifunguliwe mahali kama hapo.

DEREVA: Basi Mama atashuka kwenye foleni ya feri, na pikipiki ziko nyuma zinapiga honi, na samaki wa watu wanaharibika, afungue minyororo yenye springi iliyokazwa, avuke, kisha aifunge tena Mbita. Akikosea, fito itamrukia muundi. Mimi sikatai hesabu yako, Mwalimu. Nasema haikupanda feri.

MWALIMU: Nakubali kuhusu karavani hii. Sikubali kwa jumla. Kesho Mama akileta ya Kimarekani yenye ekseli mbili, nitarudi na fito zangu.

MAMA: Sina nguvu ya kununua ya pili. Semeni ya hii.

Basi wakaingia kwenye yale yaliyobaki, nami nitayapita baadhi mbio na kukaa penye maana. Tufe waliafikiana bila kelele kwamba liwe la milimita 50, kwa kuwa kichwa cha karavani ni cha kipimo hicho. Na hapo Fundi alionywa juu ya mtego mmoja unaopatikana katika maduka yetu, ambamo vyuma vya Ulaya na vya Marekani hukaa sanduku moja. Tufe la inchi 2 ni milimita 50.8. Tofauti haionekani kwa jicho, walakini kichwa cha milimita 50 hakikai sawasawa juu yake, na kinyume chake, kichwa cha inchi 2 juu ya tufe la 50 huonekana kimefunga ilhali kinaweza kuruka kwenye tuta. Tufe nalo huliwa: likipimwa popote likaonekana limeshuka hadi milimita 49, halina kazi tena ila kuwekwa juu ya karatasi zisipeperuke. Urefu kutoka chini hadi katikati ya tufe, mizigo ikiwa imepakiwa, uwe baina ya milimita 350 na 420, ili karavani ikae sawa au iinamishe pua kidogo tu.

Juu ya kufunga tufe lenyewe, Fundi alisema maneno ambayo ningependa yaandikwe kwenye ukuta wa kila karakana kuanzia Kibuye hadi Busia.

FUNDI: Bampa si mahali pa kufunga kitu. Bampa ni bati lililovaa koti. Nitatengeneza mtalimbo unaoshika mihimili yote miwili ya chesisi, kulia na kushoto, kwa bolti, si kwa kuchomelea, maana chuma cha chesisi ukikichoma ovyo unakiua nguvu pale pembeni mwa mshono, na kutu huanzia hapo hapo. Tufe litafungwa kwa bolti mbili za milimita 16 zenye alama ya 8.8 kichwani. Nimeona watu wakikata nondo ya ujenzi, wanaichonga nyuzi, wanaifanya bolti. Nondo ni ya saruji.

MAMA: Na ikitoka pamoja na hayo yote?

DEREVA: Kuna kebo nyembamba inayotoka kwenye breki ya mkono ya karavani. Hiyo huifungi kwenye tufe, kwa sababu tufe likitoka nayo itakuwa imetoka. Unaifunga kwenye chesisi ya pikapu. Karavani ikiachana nawe, kebo huvuta breki kwanza, kisha ndiyo ikatike. Na mahali pa minyororo kuna mtindo: ikipita chini ya pua, ya kushoto iende kulia na ya kulia iende kushoto, ili pua ikianguka idakwe isichome lami.

Msomaji atasema sasa mambo yamekwisha. Hayajakwisha, kwa sababu Mama, ambaye muda huu wote alikuwa akimimina chai, alitaja kwa kupita kwamba akirudi kutoka Mbita huwa haji mikono mitupu. Ana boksi kubwa la barafu, nalo hujazwa ngege na mbuta wa kugawia ndugu Ahero na Kisumu, na mahali pake, kwa sababu ya harufu, ni nyuma kabisa ya karavani, chini ya dirisha. Mwalimu akaweka kikombe chini.

MWALIMU: Boksi likijaa ni kilo ngapi?

MAMA: Na barafu, labda 80.

MWALIMU: Kutoka ekseli hadi nyuma ulikoliweka ni mita 2.5, na kutoka ekseli hadi kwenye tufe ni mita 4. Tulikuwa tumepanga pua yako ikae na kilo 91, asilimia 7, chini ya zile 100 za bati. Kilo 80 zikikaa mita 2.5 nyuma, zinanyanyua pua kwa kilo 50. Umebaki na 41, na karavani sasa ni kilo 1,380, yaani kama asilimia 3. Mama, tufe ni lile lile, bolti ni zile zile, na hilo trela jipya ulilolitengeneza Mbita ni jingine. Ukifika uwanda wa Kano, upepo umetoka ziwani, na basi likikupita kwa kasi karibu na Ahero, mkia utaanza kuchezacheza. Na mkia ukianza hauachi.

DEREVA: Ukianza, usikanyage breki kwa hofu wala usipigane na usukani. Inua mguu kwenye mafuta, shika usukani palepale, mwendo ufe wenyewe.

Nathubutu kusema kwamba ajali nyingi za kuyumba ambazo hulaumiwa kiungo huanza kwenye boksi la namna hii. Hakuna tufe, pini, wala fito iwezayo kumponya mtu na mzigo alioupanga vibaya. Fito za Mwalimu zingalificha dalili kwa kitambo na kumruhusu Mama aende kasi zaidi kabla ya kugundua. Dawa ni mizani, nayo si ya kuagizwa Ulaya. Mizani ya kupimia magunia ya mahindi, iliyojaa soko la Kibuye, hutosha: karavani isimamishwe mahali sawa, magurudumu yazuiwe kwa mawe, kipande cha mbao cha urefu wa tufe kiwekwe juu ya mizani na pua ishushwe juu yake. Mwenye mizani ndogo ya kujipimia nyumbani anaweza kuweka ubao, ncha moja juu ya tofali na ya pili juu ya mizani, pua ikae theluthi moja ya urefu kutoka kwenye tofali. Akisoma kilo 30, pua ni 90. Boksi la samaki likahamishwa hadi juu ya ekseli, au likaingia kwenye pikapu nyuma ya viti, na harufu ikavumiliwa.

Juu ya kuteremka, Dereva na Mwalimu walipatana kwa mara ya kwanza. Breki ya msukumo hufanya kazi kila karavani inaposukuma, na kutoka Kericho kuja chini kuelekea Awasi huwa inasukuma maili baada ya maili. Anayeiachia pikapu gia kubwa na kukanyaga breki kila kona atafika uwandani na ngoma za breki zinazonuka moshi. Gia ndogo ishikwe mapema, kabla ya mteremko.

Lililobaki bila suluhu ni kile kichwa cha msuguano, ambacho huuzwa badala ya kile cha kawaida na ambacho hubana tufe kwa vipande viwili ili karavani isichezecheze. Mwalimu anakitaka. Fundi anakiogopa kwa sababu ambayo kwanza ilinichekesha, kisha nikaona ina haki: tufe la kichwa cha kawaida hupakwa grisi, lakini la kichwa cha msuguano halina budi kuwa kavu, lisuguliwe rangi na mafuta yote, la sivyo vile vipande vinashika utelezi, na katika karakana yoyote ya mji huu, kijana akiona tufe limekauka atalipaka grisi kwa wema wa moyo wake, mwenyewe akiwa amekwenda kununua maji. Rai yangu ni kwamba Mama angoje. Akipima pua, akaweka mzigo penye ekseli na kwenda kilomita 70 kwa saa, fedha hiyo ina kazi nyingine, na ya kwanza katika hizo ni tairi za karavani, ambazo zimekaa juani bila kuguswa hata nyuzi za pembeni zimepasuka. Mwalimu hakukubali, na sitamlazimisha.

MAMA: Basi nimesikia. Fundi, uje Jumatatu na bolti zikiwa bado kwenye karatasi ya duka, nizione hiyo alama. Taa uziunge zote, waya saba, na uniambie ipi haiwaki kabla polisi hajaniambia. Karatasi za usajili za NTSA na bati la namba yenye herufi Z nitazifuata mwenyewe. Mwalimu, utaniletea mizani. Jaduong', mimi sijui kurudi nyuma na kitu hiki; nikipinda kulia kinakwenda kushoto.

DEREVA: Hapa Kibuye hatufundishi hilo, kuna watoto wengi. Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, tutakwenda viwanja vya maonyesho vya Mamboleo. Njoo na kijana mmoja wa kusimama nyuma, na umwambie asisimame mahali usipomwona kwenye kioo.